Kabla hujatuma gari nyumbani, uliza watoto watakaa kwenye nini

Sisi tulioko ughaibuni tukishika hela kidogo, jambo la kwanza ni kutuma gari nyumbani. Usiku tunaperuzi IST na Noah za Japani kwenye simu, tunauliza limetembea kilomita ngapi, linakula mafuta kiasi gani, ushuru utafika wapi. Gari likitoka bandarini Dar, picha zinarushwa kwenye kundi la familia na pongezi zinamiminika. Katika hekaheka zote hizo sijawahi kusikia mtu akiuliza watoto watakaa wapi humo ndani, na watakaa kwenye nini.

Mimi naishi Göteborg, Sweden, mji wa Volvo, kampuni ya magari inayosifika kwa usalama, kwa hiyo huenda nimeambukizwa. Hapa mtoto ambaye hajafika sentimita 135 hapandi gari bila kiti chake au kifaa cha kumwinua. Sheria inasema hivyo tangu mwaka 2007, na wa kujibu ni dereva. Lakini mazoea ya Wasweden yanakwenda mbali kuliko sheria. Mtoto wao anasafiri akitazama nyuma ya gari mpaka afikishe miaka minne, wengine hadi mitano. Ukimgeuza wa miaka miwili atazame mbele, jirani atakuuliza kwa upole kama una habari.

Sababu yake ni ya kimwili kabisa. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote, wakati cha mtu mzima ni kama sehemu moja ya nane. Kichwa kizito namna hiyo kinakaa juu ya shingo ambayo mifupa yake bado haijakomaa. Gari likigonga kwa mbele, mtoto anayetazama mbele mwili wake unazuiwa na mikanda, ila kichwa kinarushwa na shingo peke yake ndiyo inabeba kishindo. Akitazama nyuma, mgongo, shingo na kichwa vinasukumwa pamoja kwenye kiti, na nguvu inasambaa mgongo mzima. Profesa Bertil Aldman wa hapa Sweden ndiye aliyejaribu kiti cha kwanza cha namna hii mwaka 1964. Wazo alilipata kwa kuangalia jinsi wanaanga wa Marekani walivyolazwa chali kwenye viti vyao chombo kiliporuka.

Najua kuna watakaosema Wazungu wanapenda watoto wao kuliko sisi, au wana akili kuliko sisi. Siafiki. Walifikishwa hapo kidogo kidogo. Mkanda wa viti vya mbele ukawa lazima hapa mwaka 1975, wa nyuma kwa watu wazima mwaka 1986, na watoto wa siti ya nyuma wakaingizwa mwaka 1988. Wazee wa hapa wanasimulia wenyewe walivyokuwa wakilala wamejipanga nyuma ya gari la baba wakati wa likizo. Kwetu Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilipotungwa haikutaja kabisa kiti cha mtoto. Mzazi wa Tanga anapompakata mwanawe anafanya alichofanyiwa na mama yake.

Na kupakata ndiko kwenye kazi. Kwetu mtoto ni wa mapajani. Kwenye daladala konda anasema "mama, mpakate mtoto, mtu akae," na hata kwenye gari binafsi lenye siti tupu mtoto bado anapakatwa mbele, pembeni ya dereva, aangalie njia. Tunaamini mikono ya mama haishindwi. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari likigonga kitu kikasimama ghafla, mtoto wa kilo 10 anakuvuta kwa nguvu ya kilo 200 au zaidi. Hiyo ni mifuko minne ya saruji, na inakujia kabla hujajua kuna ajali. Hakuna mama wa kuishika. Kama mama mwenyewe hajafunga mkanda, mwili wake unambana mtoto kwenye dashibodi. Kumzungusha mtoto ndani ya mkanda wako ni vibaya vilevile, maana unamkandamiza kati yako na mkanda.

Nikienda likizo na kiti changu, lawama zinaanzia uwanja wa ndege. "Mfungue mwenzio apumue, mwanangu," ananiambia shangazi. "Na miguu imekunjika hivyo, si itamuuma?" Hilo la miguu nimeulizwa na kila mtu, Waswahili kwa Wasweden. Jibu ni kwamba watoto wanakunja miguu kutwa nzima wakicheza sakafuni wala hawalalamiki, na mguu ukivunjika unafungwa plasta. Shangazi hakuridhika. Tuliposhika njia ya Bagamoyo na Msata kwenda Tanga alikaa kimya akimwangalia mtoto aliyekuwa amelala zake.

Sasa, dada yangu ana watoto watatu, wa miezi saba, wa miaka mitatu na wa miaka minane, na gari la familia ni Noah. Huyo mchanga ni rahisi. Anahitaji kile kiti cha kubebea chenye mpini, ambacho hutumika mpaka karibu kilo 13 au mpaka utosi ukaribie kuvuka ukingo wa juu. Kinatazama nyuma, na kinawekwa siti ya nyuma. Hapa Sweden wengi hukiweka mbele baada ya kuzima mfuko wa hewa (airbag) wa dashibodi, lakini magari mengi ya Japani yanayokuja kwetu hayana swichi ya kuuzima. Mfuko ukifumuka unakipiga kiti cha mtoto kwa mgongo, na mgongoni hapo ndipo kilipo kichwa. Kwa hiyo nyuma, bila mjadala.

Wa miaka mitatu ndiye anayesahaulika kuliko wote, huku na huko. Ameshakuwa mkubwa, anaongea, anataka kuona mbele, basi wazazi wanamhesabu kama mtu mzima. Mkanda wa gari haukutengenezwa kwa ajili yake, unapita shingoni na tumboni. Yeye anahitaji kiti kikubwa chenye mikanda yake, na kikiwa cha kutazama nyuma ndiyo heri. Kama pesa inatosha kiti kimoja tu cha maana, mimi ningeiweka hapa. Vipo vinavyotumika tangu mtoto anapoweza kukaa mwenyewe mpaka miaka minne na kuendelea, na vingi vinafungwa kwa mkanda wa kawaida wa gari, kwa hiyo usitishwe na habari za ISOFIX, zile nanga za chuma za kunasia kiti bila mkanda. Kama unataka kujua gari lenu linazo, ingiza vidole kwenye mwanya kati ya kikalio na mgongo wa siti ya nyuma, utafute vipini viwili vya chuma vilivyokaza.

Wa miaka minane anatosheka na kiti cha kumwinua, heri chenye mgongo, ili mkanda upite katikati ya bega na ulale juu ya mifupa ya nyonga. Mkanda wa tumboni kwenye ajali unapasua vya ndani. Mto wa kochi haufai, unateleza na kubonyea. Hiki ndicho kiti cha bei nafuu kuliko vyote na hakina fundi, lakini ndicho watoto wanachokikataa mapema kwa aibu. Wasweden wanashauri kiendelee mpaka miaka 10 au 12.

Nisiwasifie sana wenyeji wangu. Biashara ya viti huku imegeuzwa biashara ya hofu. Mzazi mpya anaoneshwa kiti cha bei ya kutisha chenye kuzunguka na taa, akiamini cha bei ya kati kitamuua mwanawe, wakati vyote vimepita jaribio lilelile la lazima. Halafu kuna uvivu wa kumwacha mchanga alale kwenye kile kiti cha mpini saa nzima dukani na nyumbani, kidevu kimegusa kifua, pumzi inabanwa. Kiti ni cha safari. Kwetu, mtoto akishushwa garini anadakwa na mgongo wa mtu au kitanda, na hapo tumewazidi.

Kuna jambo linaniudhi zaidi, nalo ni sisi wenyewe. Kontena likijazwa, mtu anakumbuka kiti kilichotupwa karibu na jalala na kukirusha ndani kama zawadi. Nguo ya mtumba haina neno. Kiti kilichopata ajali kinaweza kuwa na ufa ambao macho hayauoni, plastiki inachoka, na watengenezaji wengi hutaja umri wa matumizi kati ya miaka 6 na 10, tarehe ikiwa imechongwa chini. Kama humjui aliyekitumia, kiache hapo jalalani. Cha rafiki unayemwamini, chenye mikanda yote na kijitabu chake, kitume kwa roho nyeupe, na umpigie simu ya video anayekifunga upande wa pili. Kiti kilichofungwa kikicheza zaidi ya sentimita mbili tatu ukikitikisa pale mkanda unapopita, bado hakijafungwa.

Huko nyumbani kuna mawili ambayo vijitabu vya Ulaya haviyasemi. La kwanza ni kava za siti. Gari linafika, linapelekwa kushonewa kava za ngozi, na vishikizo vya mikanda ya nyuma vinazikwa chini yake. Nimeona magari ambayo mikanda yake ya nyuma haijawahi kuguswa tangu Japani. Mwite fundi atoboe kava. La pili ni jua. Gari likishinda nje Dar, chuma cha kishikizo kinaunguza ngozi ya mtoto, kwa hiyo kifunike kiti kwa kanga ukiegesha, na uitoe kabla ya kumkalisha. Huku tatizo ni kinyume chake, koti nene la baridi linaacha nafasi chini ya mikanda, basi tunalivua kwanza na kumfunika nalo juu.

Haya yote ni ya mwenye gari, najua. Watoto wengi wa kwetu wanapanda daladala, bajaji, au bodaboda kwa mtindo wa mshikaki, na huko kiti changu hakifiki. Kwao la kudai ni mwendo mdogo mbele ya shule na helmeti inayomtosha mtoto. Lakini kuna vile vipanya vya shule, watoto wanne kwenye siti ya wawili, begi juu ya magoti, alfajiri barabara kuu. Hivyo vina mmiliki, vina ada inayolipwa na wazazi, vina leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Mtoto mmoja siti moja yenye mkanda haihitaji teknolojia ya Sweden, inahitaji mtu wa kusimama getini asubuhi na kuhesabu vichwa, na gari lililozidisha lisiondoke.