Mche Huu Anaumwagilia Nani?

Mwaka 1976 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Ellen Langer na Judith Rodin, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika makao ya wazee huko Connecticut. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa kwamba maisha ya mle ndani yako mikononi mwao: vyumba wavipange watakavyo, malalamiko wayaseme, siku ya kutazama filamu waichague wenyewe. Kisha likapitishwa sanduku la miche. Anayetaka achukue wake na autunze. Wazee wa ghorofa ya pili nao walipata miche, ila waliambiwa wauguzi ndio watakaoimwagilia.

Baada ya wiki 3, kundi la kwanza lilionekana kuchangamka kuliko la pili. Miezi 18 baadaye, kati ya wazee 47 wa kundi la kwanza walikuwa wamefariki 7; kati ya 44 wa kundi la pili, 13.

Ni habari tamu, na kila anayetetea bustani kwenye makao ya wazee huifikia mapema au baadaye. Wanaoisimulia huruka mambo mawili. La kwanza ni kwamba watafiti wenyewe walisahihisha hesabu zao baadaye, na tofauti ile ya vifo ikabaki hafifu kuliko ilivyotangazwa mwanzo. Tena ghorofa nzima iliwekwa kundi moja, hivyo huwezi kujua kama palikuwa na kitu kingine kilichozitofautisha. La pili ndilo linalonigusa zaidi: miche ilikuwa kwenye ghorofa zote mbili. Majani yalikuwa yaleyale, madirisha yaleyale. Kilichobadilika ni nani anashika kopo la maji.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba makao fulani yameanzisha programu ya mazingira asilia na michezo kwa ajili ya ustawi wa wazee, swali langu la kwanza si wana bustani kubwa kiasi gani. Ni hilo la kopo.

Sisemi kwamba kijani chenyewe hakina kazi. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha ulinganisho wa wagonjwa waliopasuliwa kifuko cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Waliolala kwenye vyumba vinavyotazama miti waliruhusiwa mapema na walitumia dawa kali za maumivu mara chache kuliko wenzao waliotazama ukuta wa matofali. Hao hawakupanda wala kumwagilia chochote, walitazama tu. Lakini walikuwa watu 46, na wote walikuwa na tarehe ya kurudi nyumbani. Mzee wa kwenye makao hana tarehe hiyo, na mti uleule akiutazama kwa miaka 4 kutoka kiti kilekile unaweza kugeuka picha ya ukutani.

Mwanga nao una hoja yake. Nje, hata siku ya mawingu, mwanga ni mkali mara kadhaa zaidi ya ule wa chumbani, na mwili huutumia kujua mchana ni upi na usiku ni upi. Mzee anayeshinda kwenye ukumbi wenye taa hafifu husinzia mchana na kukesha usiku, kisha hupewa kidonge cha usingizi, na kidonge kile humfanya ayumbe alfajiri akienda msalani. Hapa mwenye mashaka ana la kusema: mwaka 2008 watafiti wa Uholanzi waliripoti kwamba waliongeza taa kali za mchana katika makao ya wazee, wakaona dalili za sonona zikipungua kidogo na uwezo wa akili ukishuka polepole zaidi. Taa, si bustani. Kama tunachotafuta ni mwanga tu, fundi umeme anatosha. Hoja hii naikubali nusu. Taa haina harufu ya udongo uliolowa, wala haikupi cha kumwambia jirani yako wakati wa chai.

Upande wa pili una uzito kuliko wapenda bustani wanavyokubali. Fikiria asubuhi moja ya kumtoa nje bibi mmoja wa kiti cha magurudumu: kumpeleka msalani kwanza, kumvisha kofia na sweta, kutafuta chupa ya maji, kumsukuma hadi mlangoni, kuinua magurudumu pale penye kizingiti, kukaa naye, kumrudisha. Nusu saa imekwisha, na wakati huo kengele ya chumba kingine inalia bila mtu wa kuiitikia. Mahali penye mhudumu mmoja kwa wazee wengi, anayemtoa huyu nje anamnyima mwingine kitu. Wahudumu wanaonung'unika wakisikia neno "programu mpya" si wavivu. Wanajua nani atakayeibeba.

Kuna hatari za mwili pia. Mzee huhisi kiu kwa kuchelewa, na baadhi ya dawa za moyo na presha humfanya apoteze maji haraka. Wimbi la joto la Agosti 2003 liliua watu wapatao 15,000 nchini Ufaransa, wengi wao wazee. Ingawa, tuseme kweli, wengi walifia ndani ya vyumba vyenye joto. Ngozi ya uzeeni huchanika kwa mwiba mdogo. Mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza kutia jani lolote mdomoni, kwa hiyo mmea wenye sumu hauna nafasi pale hata ukipendeza vipi.

Hata hivyo hofu ya kuanguka, inayofunga milango mingi, inahitaji kutazamwa tena. Kwenye makao haya wazee wengi huanguka chumbani na bafuni, na misuli ya miguu isiyotumika hulegea haraka. Mlango uliofungwa nao unaumiza, ila maumivu yake hayana fomu. Mzee akiteleza bustanini kunaandikwa ripoti, ndugu wanapigiwa simu, meneja anajieleza. Akinyauka kitini kwa miaka 3, hakuna ripoti. Kwa hiyo meneja mwenye akili timamu hufunga mlango, na simlaumu sana. Hapa utunzaji wa kumbukumbu ndio umepinda. Vya kupunguza hatari vinajulikana na si vya ajabu: njia ya mzunguko inayokurudisha ulipoanzia, ili aliyesahau njia asikwame, viti vyenye mikono ya kushikilia wakati wa kuinuka, vitalu vilivyoinuliwa hadi kimo cha mtu aliyeketi.

Michezo hutetewa kwa hoja dhaifu, na nadhani inaharibiwa na watetezi wake. Mwaka 2003 kundi la watafiti wa New York lilichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 469 wenye zaidi ya miaka 75. Waliocheza michezo ya mezani, kusoma, kupiga ala au kucheza dansi walipata ugonjwa wa kusahau kwa kiasi kidogo kuliko wengine. Tangu hapo karata na mafumbo ya maneno huuzwa kama dozi. Lakini wale waliishi majumbani mwao, na ugonjwa huu huanza kimyakimya miaka kabla ya kutambuliwa. Watafiti walijaribu kulizingatia hilo, ila bado huenda baadhi waliacha kucheza kwa sababu tayari walikuwa wanaanza kusahau.

Mimi ningetetea mchezo kwa sababu nyepesi zaidi: mchezo una mpinzani. Siku nzima mzee huyu huogeshwa, huvishwa, hulishwa, hupimwa. Kwenye ubao wa drafti ndipo mahali pekee ambapo mtu anajaribu kumshinda. Nilimwona mmoja akicheza na kijana wa kujitolea. Mkono ulitetemeka, kete ikachukua muda kufika kwenye mraba wake, na kijana, kwa huruma, akaacha wazi njia ya kuliwa kete tatu. Mzee alizitazama. Hakuzila. Akazikusanya kete zote, zake na za kijana, akasema, "Panga upya. Safari hii cheza."

Ndiyo maana puto na vigelegele vya chekechea huniudhi. Watu waliolea, waliosomesha, waliosimamia viwanda huketishwa kwenye duara na kupigiwa makofi kwa kurusha mpira wa sponji. Wapo wanaofurahia, na wafurahie. Asiyetaka naye aachwe na gazeti lake bila kuandikwa kwamba "hashiriki". Kwenye bingo, mchezo wa namba zinazotajwa kwa sauti, kabla ya kusema fulani amepoteza hamu, angalia kama anazisikia.

Jaribio jingine la mwaka 1976, la mtafiti Richard Schulz, ndilo ningewapa wanaoleta programu za miezi michache. Wanafunzi wa chuo waliwatembelea wazee kwenye makao. Wazee waliojua ziara itakuja lini, au walioipanga wenyewe, walionekana kuwa na afya na matumaini zaidi. Utafiti ukaisha, wanafunzi wakaondoka. Walipofuatiliwa baadaye, ni wazee haohao walionufaika walioporomoka. Bustani inayopaliliwa hadi fedha za mradi ziishe, kisha ikaachwa iote magugu mbele ya macho ya walioipanda, inaweza kuwa mbaya kuliko kutoanza. Afadhali makopo 6 dirishani yatakayokuwapo mwakani.

Linabaki swali ambalo miongozo hulikwepa: mzee asipoumwagilia mche wake, nani aumwagilie? Nimesikia wahudumu wakisema humwagilia usiku kwa siri ili asihuzunike. Nia njema, lakini hapo tumerudi ghorofa ya pili. Ningemkumbusha mara moja au mbili, na ukifa ningemwuliza kama anataka mwingine. Wapo wa upande wa pili, wanaomwagilia mara 5 kwa siku kwa sababu wamesahau zile nne. Hao wasinyang'anywe kopo. Wapewe kopo dogo, na chungu chenye matundu mengi chini.