Nyanya alivifukiza vyombo, hakuvichoma

Poleni sana kwa familia. Makala ya tanzia inasema marehemu, nyanya huyu wa Marsabit, "alichoma vyombo vya maziwa". Hapana, alivifukiza, na ustadi wote uko hapo. Chombo huoshwa, hukaushwa juani hadi ndani kusibaki unyevu, kisha hutiwa vijinga (vipande vya kuni vyenye moto) vya mti mgumu kama mzeituni mwitu, hufunikwa na kutikiswa ili moshi ushike kila upande. Vijinga vikizima humwagwa, masizi yakasuguliwa kwa brashi ya nyuzi. Chombo kikiwa na maji, moshi haushiki na maziwa huharibika upesi. Masizi yakibaki, maziwa huwa machungu. Moshi hupunguza vijidudu vya chombo tu, hauui brusela (bakteria wa ugonjwa unaotoka kwa mifugo) iliyomo kwenye maziwa yenyewe, kwa hiyo chemsheni (wapenzi wa maziwa mabichi ya ngamia mtanuna, najua). Hapa Eastleigh, Nairobi, maziwa mengi ya ngamia hufika kwa basi kutoka Isiolo katika mitungi ya plastiki. Kijinga cha moto huiyeyusha mitungi hiyo, na ndani hukwaruzika, uchafu ukajificha kwenye mikwaruzo. Afadhali mkebe wa aluminiamu wenye mdomo mpana, mkono uingie hadi chini.