Columbia si maziwa na njia za miguu tu

Makala moja niliyosoma inaisifu Columbia, mji wa jimbo la Maryland, Marekani, uliopangwa wote kabla ya kujengwa, kwa maziwa na njia zake za miguu. Kwangu lililo kubwa zaidi ni kwamba mwekezaji wa majengo aliyeuanzisha, James Rouse, alipoufungua mwaka 1967, mwaka mmoja kabla ya sheria ya shirikisho kukataza ubaguzi katika uuzaji na upangishaji wa nyumba, Weusi na Weupe walikaribishwa kuishi mtaa mmoja. Hata visanduku vya barua viliwekwa pamoja ili majirani wakutane. Ninachosikitikia ni kwamba mji huu hauna meya wala baraza la mji: bustani na mabwawa ya kuogelea huendeshwa na Columbia Association, shirika binafsi lisilo la faida linalowatoza wenye nyumba ada kila mwaka.