Mwenye Hela Ndiye Kamusi

Tuanze na STATIONARY, maana hiyo ndiyo inayonipandisha presha. Panda daladala Igoma, hapa kwetu Mwanza, kaa dirishani, soma mabango ya maduka ya kalamu na madaftari mpaka unashuka mjini. STATIONARY, STATIONARY, STATIONARY. Kwa Kiingereza, yenye A ni kitu kilichosimama palepale, hakisogei. Jiwe la Bismarck pale ziwani ni stationary. Ya kalamu na daftari inaandikwa kwa E. Kwa hiyo mtu katoa hela yake, kanunua bati, kalipa fundi, ili autangazie mji mzima kwamba yeye hasogei.

Na fundi aliyelipwa ni mimi.

Mimi naandika mabango kwa brashi na rangi ya mafuta, na natoza kwa herufi. Usinichanganye na hawa vijana wa kompyuta wanaochapa mabango ya plastiki yanayopauka hata kodi ya miezi sita haijaisha. Langu linapigwa na jua, linapigwa na mvua za vuli na masika, na bado mtoto wa darasa la kwanza analisoma akiwa ng'ambo ya barabara. Ndiyo balaa lenyewe. Kosa la kijana wa kompyuta linapauka. Lililopitia kwenye brashi yangu linadumu, tena na namba yangu ya simu ipo pale chini kwenye kona.

Mteja anakuja na kikaratasi. Nasoma. Namwambia kwa adabu, maana hela bado iko mfukoni mwake, "Bosi, hapa naona iwe E." Ananipandisha, ananishusha, macho yanaishia kwenye kaptula yangu yenye rangi za wateja wote wa mwaka huu. "Fundi, andika kama nilivyoandika. Hiyo kaiandika shemeji yangu, ana digrii."

Shemeji mwenye digrii! Huyu mtu sijawahi kumtia machoni, lakini ndiye aliyeuharibu mji huu. Kila bango lenye kosa, kuanzia Nyegezi mpaka Pasiansi, lina shemeji mwenye digrii nyuma yake. Hana bango lake mwenyewe, hana duka, kazi yake ni kuwaandikia ndugu wa mke vikaratasi.

Kuna mwalimu mstaafu huwa anakuja kibandani kwangu kusoma gazeti ambalo hakulinunua. Nikamlalamikia, nikitegemea faraja. Akavua miwani, akaniambia kwamba zamani huko Ulaya wauza vitabu na karatasi walipewa jina hilo kwa sababu walikuwa na kibanda cha kudumu, hawakutembeza bidhaa barabarani. Kwa hiyo la A na la E ni ndugu wa tumbo moja. "Maana yake," akasema, "mteja wako anawaambia watu kwamba yeye siyo machinga." Akarudisha miwani, akaendelea na kurasa za michezo. Mwalimu, shikamoo, lakini nani alikuomba historia?

Wengine hawana shemeji, wana leseni. Hawa ndio wanaoniliza. Alikuja mama mmoja wa Buzuruga, mpole, na karatasi yake imeandikwa ENTREPRISES, R imeruka mbele ya E. Nikajiandaa kwa vita. Akaniambia taratibu, "Mwanangu, najua. Aliyekuwa anajaza kule ofisini ndiye alikosea. Leseni ikatoka hivyo, nikaenda nayo kwenye namba ya mlipakodi ikatoka hivyo, nikafungua akaunti benki kwa jina hilohilo. Wewe ukiandika sahihi, hilo duka siyo langu tena." Nikauliza kwa nini wasimrekebishie. Akacheka. Akasema aliambiwa aandike barua, aambatanishe na leseni, na jina la kwenye barua lilingane na la kwenye leseni. Niliiandika ile R mahali pake pa dhuluma, nikaipaka rangi nyekundu safi kabisa, na mama akaniambia imependeza.

Sasa SALOON. Ya kusuka nywele ina O moja tu. Zenye O mbili, kwa Wamarekani wa enzi za farasi na bastola, ni kilabu cha pombe. Yote mawili yametoka kwenye neno moja la Kifaransa, ila mmoja alikwenda kusuka na mwenzake akaenda kulewa. Sisi huku tunaandika SALOON YA KIKE, na chini yake picha ya mwanamke anayetabasamu. Mchukue Mwingereza anayeijua lugha yake, umtembeze Kirumba jioni. Atasoma kwamba mama wa nyumba yuko kilabuni. Akiuliza baba yuko wapi, ataambiwa yuko grosari, na hapo atapumua, maana kwao grosari ni mahali pa kununua mchele na vitunguu. Atasema afadhali familia hii ina baba. Kumbe baba yuko kwenye bia ya tatu, mama anasukwa, na vitunguu havijanunuliwa na mtu yeyote. Na hapo sijampeleka kwenye HOTELI isiyo na kitanda hata kimoja, ina meza nne, chapati na mchuzi wa sato.

Mimi nawaambia wateja: andika SALUNI. Neno letu, linasomeka, hakuna mtu wa nje atakayekuja kulikagua. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu 1967 na sijasikia limemkamata mtu kwa kuandika saluni. SALOON herufi sita, SALUNI herufi sita, bei ni ileile! Hawataki. "Fundi, Kiswahili kinashusha hadhi." Hadhi gani, dada yangu, wakati wateja wako wote wanaingia hapo na "mwangaluka", na wewe unawaitikia kwa Kisukuma mpaka nywele zinakwisha kusukwa?

Ritifaa ndiyo itakayonizika. Namaanisha kile kialama kidogo kinachokaa juu kati ya herufi. Kwa hesabu zangu kwenye bei ni nusu herufi. Waingereza wanakitumia kuonyesha kitu ni cha nani, au kwamba kuna herufi imeachwa. Hakiwekwi kwa sababu tu vitu ni vingi. Lakini mteja wangu anataka COLD DRINK'S. Anataka FRESH JUICE'S. Nimwambie nini? Hata wenyewe wenye lugha yamewashinda. Wauza mboga wa Uingereza walilirudia kosa hili mpaka likaitwa kwa jina lao, ritifaa ya muuza mboga. Kulikuwa na mzee huko, John Richards, mwanahabari mstaafu, aliyeanzisha chama cha kuilinda ritifaa mwaka 2001. Alikipigania mpaka 2019, akiwa na miaka 96, kisha akatangaza kukifunga akisema ujinga na uvivu vimeshinda. Habari hiyo niliisoma kwenye simu nikiwa juu ya ngazi, nikamalizia S ya DRINK'S kwa heshima ya mzee.

Na kuna bwana mwingine wa mji wa Bristol, BBC walimtangaza mwaka 2017, ambaye anatoka usiku wa manane na kifaa chake cha mpini mrefu, anabandika ritifaa kwenye mabango ilikopungua na kuziziba zilizozidi. Jina hataji. Usiku! Hebu jaribu hapa kwetu kupanda ngazi saa nane za usiku mbele ya duka la mtu pale Mabatini, halafu sungusungu wakukute. Uwaambie umekuja kuondoa ritifaa. Watakuuliza uliokuja nao wako wapi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi ritifaa tunayo kwenye lugha yetu, tena huku Usukumani ndiko makao yake makuu. Ng'ombe anaihitaji. Lakini nenda kwenye bucha: NYAMA YA NGOMBE. Ng'ombe tuliyezaliwa naye, tuliyemtolea mahari, leo anaandikwa mpaka mtu mgeni amtamke kama mtu anayekabwa. Nikamwambia mwenye bucha aongeze ritifaa. Akasema hana bajeti. Nikageuza kichwa, kwenye ukuta huohuo, upande wa friji la soda, kuna COLD DRINK'S. Hiyo bajeti ilitoka wapi? Nikamwomba tuihamishe tu ile ritifaa kutoka kwenye soda tuipeleke kwa ng'ombe, bila malipo. Akasema, "Fundi, utaniharibia Kiingereza."

Mitumbwi sitaki hata kuizungumzia, ila nitaizungumzia. Pale Mwaloni Kirumba alinijia mwenye mtumbwi wa dagaa, anataka jina ubavuni: KULA KWA JASHO. Jina zuri, la mtu mzima. Ila kwenye karatasi iko KURA. Tatizo nalifahamu, Kisukuma chetu hakina R, sasa mtu akishachekwa mjini kwa kusema "habali", anaapa kwamba kuanzia leo kila L ataipiga iwe R. Nikamweleza. Akakasirika, akasema mimi namdharau kwa sababu ametoka kijijini. Nikaandika KURA KWA JASHO, herufi kubwa, bluu na nyeupe. Tena ulikuwa msimu wa kampeni. Alipotia nanga Ukerewe watu wakamwuliza anagombea nini, na mmoja akataka fulana. Nilidhani atarudi tufute. Alirudi kweli, akataka niandike hivyohivyo na ubavu wa pili, kwa sababu tangu siku ile hakuna mwalo anaofika bila kujulikana.

TAFADHARI USIKOJOE HAPA tuiache, anayesomewa hiyo huwa hana muda wa kusoma.

LISAA nayo. Kibao cha mlangoni: NARUDI BAADA YA LISAA LIMOJA. Nikamwambia kaka, hakuna lisaa, kuna saa. Akaniuliza, "Nikiandika narudi baada ya saa moja, si watanisubiri mpaka jioni jua lizame?" Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Bado siikubali, lakini jibu nalitafuta mpaka leo, na mwalimu wa gazeti nimemkataza kunisaidia.

Juzi nimepata kazi ya shule, ile ya kufundisha kwa Kiingereza toka chekechea, ukuta mrefu kuanzia getini. Nikasema hapa angalau nitapumzika, hawa ndio wanaoiuza hiyo lugha kwa ada ya mamilioni. Meneja akanipa karatasi, mhuri juu yake. WELCOME TO OUR SCHOOL. Safi. Mstari wa pili, HARD WORK AND DISPLINE. Nikasoma tena. DISPLINE. C haipo na I mojawapo haipo, zimetoroka shule.

Nikakumbuka shemeji, nikakumbuka leseni, nikaamua leo sitabishana kuhusu lugha, nitaongea biashara. Nikamwambia, "Meneja, hili neno lina herufi kumi, wewe umenipa nane. Mbili zilizobaki nakupa bure kabisa, ofa ya kufungua muhula."

Akachukua karatasi, akaisoma kwa makini, akaisogeza mbali na macho, akairudisha. Uso ukamchangamka. "Kama unazo za bure," akasema, "L moja iongeze kwenye WELCOME, naona imepungua. Hiyo nyingine utaangalia mwenyewe pa kuiweka."