Ndoo, Mwanangu

Baba alipohamishiwa kazi Lamu, mwaka 1994, nilikuwa na miaka 9 na Kiswahili cha Nakuru. Nacho nikikiamini sana. Wiki ile ile nikapelekwa chuoni, yaani madrasa, mtaa wa Langoni, karibu na msikiti wa Riyadha, nikakalishwa jamvini katikati ya watoto wanaopaza sauti juzuu ya Amma, kila mmoja na sura yake.

Maalimu alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya vito na henzirani mapajani. Miaka yote niliyosoma kwake sikuiona ikimpiga mtu. Alikuwa akijikunia mgongo. Lakini siku ya kwanza ningejuaje?

Sasa, Lamu punda ndiye gari, ndiye lori, na akikosa mzigo ndiye mzururaji. Kijana mmoja alikuwa akisoma kwa sauti tamu, macho kafumba, punda akaingiza kichwa mlangoni akamwitikia. Wenzangu walikwishazoea. Mimi nikaangua kicheko.

"Weye! Ndoo hapa! Wateka nini?"

Mtu wa pwani ameshaelewa: njoo hapa, unacheka nini. Mimi nilisikia ndoo inatakiwa, na kuna swali la kuteka. Nikajibu kwa adabu, "Nateka maji, maalimu," nikatoka mbio hadi kisimani uani. Nikarudi na ndoo imejaa pomoni, nikaitua mbele yake.

Chuo kizima kimya. Hata punda.

Maalimu akaitazama ndoo, akanitazama mimi. Akaniashiria kwa kidole nisogee, akasema taratibu, kama mtu anayesema na mgonjwa: "Ndoo."

Nikaenda kuleta ya pili.

Hiyo haikufika salama. Ya kwanza ilikuwa imelowesha sakafu, nikateleza, na maji yote yakaishia kwenye kanzu ya maalimu, kuanzia kifuani. Misahafu ilikuwa juu ya marufaa, vile vibao vya kuwekea kitabu, alhamdulillahi, la sivyo nisingekuwa nayasimulia haya kwa uchangamfu.

Nikafumba macho nikingoja henzirani. Nikasikia kikohozi, kumbe ni kicheko. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Kisha akaivuta ile ndoo ya kwanza, akatawadha kwa maji yake mbele ya wote, pole pole, kiungo baada ya kiungo, akinionyesha kila hatua. Nakuru nilikuwa nimefundishwa udhu mara kadhaa na kuusahau mara hizo hizo. Ule wa siku ile sijausahau.

Baadaye alinikalisha nje barazani, kanzu ikikauka juani, akaniambia kwamba Habib Swaleh mwenyewe, aliyeujenga Riyadha, hakuzaliwa Lamu, alitoka Ngazija, huko Komoro. Akija mgeni, akasema, tunamngoja ulimi wake ufike. (Waamu husema t ya kucheka na t ya kuteka maji si moja. Wao huzisikia. Mimi bado naomba Mungu.)

Toka siku hiyo kazi ya kumtekea maalimu maji ya udhu ikawa yangu, na jina langu Ndoo. Sala nilizozoea kwanza maishani nilizisali kwa sababu maji nilikuwa nimeshayateka, na kuondoka ningeona haya.

Mara ya mwisho nilimkuta wakati wa Maulidi, mwezi wa mfungo sita, mji umefurika wageni na matwari yanalia njia nzima. Alikuwa barazani pale pale, macho yamekwisha nuru. Nikaubusu mkono wake.

"Nani?"

"Ni mimi, maalimu. Ndoo."

Uso ukamchanua. "Ndoo! Ndoo, mwanangu. Ndoo!"

Ya kwanza ilikuwa jina langu. Ya pili alikuwa ananiita. Ya tatu sikuwa na hakika nayo, nikapitia kisimani kwanza.