Jiwe la Amboise, chokaa ya Lamu

Kila mgeni anayenitembelea hapa Tours, Ufaransa, nampeleka Amboise, kwenye ngome ya kifalme. Na kila mmoja, akishakiona kile kikanisa cha Mtakatifu Hubert kilichokaa ukingoni kabisa mwa ukuta wa ngome, husema lilelile: "Wenzetu wanajua kutunza." Nami hubisha.

Kikanisa chenyewe kilijengwa miaka ya 1490 na Mfalme Charles wa Nane. Juu ya mlango amechongwa Hubert, mtakatifu wa wawindaji, akipiga magoti mbele ya kulungu mwenye msalaba katikati ya pembe, na ule mnara mwembamba wa Kigothiki nao umepambwa kwa pembe za kulungu. Charles hakukifaidi sana: mwaka 1498 alijigonga kichwa kwenye mlango mfupi humohumo ngomeni, akafa siku hiyohiyo.

Sasa angalia vizuri. Sanamu za mfalme na malkia waliopiga magoti juu ya mlango ni kazi ya karne ya 19. Vioo vya rangi ni vya fundi wa vioo Max Ingrand, vimetiwa baada ya vita vya 1940 kukiumiza kikanisa. Hata Leonardo da Vinci, ambaye watu husukumana kupiga picha kaburi lake, alizikwa mwaka 1519 katika kanisa jingine la ngomeni. Lile likabomolewa, na mifupa inayodhaniwa kuwa yake ikahamishiwa hapa 1874. Jiwe nalo, tufeau, ni jeupe na laini; unyevu hulila, likichakaa hukatwa jingine.

Matumbawe tunayojengea nyumba kwetu Lamu yana tabia hiyohiyo. Bibi hakuwahi kulitamka neno "urithi", lakini ukuta wa nyumba yake ukianza kuchubuka aliita mafundi, wakapiga chokaa, wakamalizia kwa neru, ile lipu laini nyeupe ya chokaa, mpaka vidaka, vile vishubaka vya ukutani, vikang'aa. Kisha mjomba akarudi na pesa za Ughaibuni, akapaka saruji, eti iwe imara. Chumvi iliyomo ukutani ikakosa pa kutokea. Nilipoenda mara ya mwisho niliubandua ukuta kwa ukucha, ukadondoka vipande vya ukubwa wa sahani.

Kwa hiyo kutunza tulikujua. Ila hapa tiketi ya mgeni humlipa mwashi wa mawe, naye mwashi hupata mwanafunzi wa kumfundisha. Fundi wa neru niliyempigia simu wiki jana siku hizi anaendesha bodaboda. Amesema atapita kuuangalia ukuta Ijumaa, baada ya swala, abiria wakipungua.