Niachie Wiki Moja Tu

Jumamosi iliyopita tulikuwa Muheza kwenye arobaini ya mjomba. Turubai limefungwa, majamvi yametandikwa, pilau linanukia mpaka barabarani, na shehe yuko katikati ya dua. Mara spika kimya. Watu mikono juu, wanamwona shehe anachezesha midomo na hawasikii kitu. Sikuhitaji hata kugeuka. Mwanangu Upepo (nitamwita hivyo humu, jina lake la kweli mwacheni nalo) alikuwa amechuchumaa nyuma ya amplifaya, kidole bado kiko kwenye swichi. Baadaye nilipomuuliza, akasema alitaka kujua kinachotangulia kuzimika ni ile taa nyekundu au ni sauti.

Ni sauti, kama na nyie mlikuwa na shida ya kujua.

Hilo wala halikuniudhi. Miaka tisa na mtoto huyu, nimeshaaibika mpaka aibu yenyewe imechoka. Kilichonirudisha Dar na donge rohoni ni shangazi yangu. Kanishika mkono mbele ya ukoo mzima, akasema, "Baba'ngu, huyu niachie wiki moja tu. Moja! Utamkuta amenyooka kama rula." Watu wakacheka. Kabla sahani hazijaoshwa walikuwa wamejitokeza wengine wawili, mmoja kwa siku tatu, mwingine anasema kwake inatosha wikiendi. Utadhani mnada.

Ndani ya basi nikaanza kuhesabu. Tangu Upepo aanze chekechea nimeahidiwa wiki moja na watu kumi na mmoja ninaowakumbuka, akiwemo konda wa daladala ya Gongo la Mboto ambaye mpaka leo simjui jina. Wote dawa yao moja. Wote wana uhakika. Na katika hao kumi na mmoja, sijamsikia hata mmoja akisema: niachie saa moja nikae naye, nyie mkalale.

Kumchapa mwanangu, watu wa kujitolea ni foleni. Kukaa naye, hayupo.

Msidhani naongea kama mtu ambaye hajawahi kushika fimbo. Nimeshika, tena sana. Mimi mwenyewe nimelelewa kwa bakora na nikawa naisifia vijiweni, "sisi tulichapwa na tumekuwa watu". Upepo alipokuwa na miaka mitano, sita, saba, mkanda ulikuwa umening'inia nyuma ya mlango na ulikuwa na kazi kila siku. Na niwaambie siri ambayo wazazi wenzangu mnaijua ila hatusemi: fimbo inafanya kazi. Inafanya kazi kwa dakika kumi. Mtoto analia, ananyamaza, anakaa, nyumba inatulia, na wewe unajiona baba. Utamu wake ni hizo dakika kumi. Ya kumi na moja yuko juu ya friji.

Mwisho wake ulikuwa hivi. Siku hiyo alikuwa amefungua redio ya bibi yake kwa kisu cha mezani. Nimeingia, nimeona zile waya, nimeenda kuuchukua mkanda. Narudi namkuta ameshanyoosha mikono, macho yako dirishani kwa wenzake wanaocheza mpira. Akaniambia bila ubishi, bila machozi, kama mtu anayelipia maji bombani: "Baba, piga haraka basi, nikacheze."

Nilikaa chini. Sikumpiga. Sikwambii nilibadilika siku hiyohiyo nikawa malaika, maana wiki mbili baadaye nilimzaba kofi. Lakini ile hesabu ilikuwa imeshanishinda. Mtoto alikuwa ameigeuza fimbo nauli. Unalipa, unapanda, safari inaendelea.

Hospitali tulifika akiwa na miaka minane, baada ya kuzunguka kwa watu ambao siwataji, mmoja wao alitaka mbuzi mweusi. Daktari alituuliza vitu ambavyo hakuna mtu alikuwa ametuuliza. Yalianza lini? Ni nyumbani tu, au na shuleni, na kwa bibi pia? Akiwa kwenye kitu anachokipenda anakaa muda gani? Akatupa zile herufi nne, ADHD, yaani ubongo wa mtoto unashindwa kutulia, kuzingatia na kujizuia kama wa wenzake. Mama yake akalia, mimi nikahisi nimetua mzigo, kisha tukagombana njiani nani kati yetu ana ukoo wenye watu wasiotulia. (Kwangu. Nilikubali baada ya siku tatu. Huwa inarithiwa sana, na baba yangu mzee hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa.)

"Magonjwa ya Kizungu hayo," ndivyo alivyosema shangazi huyohuyo. Haya. Herufi ni za kwao, nakubali. Mtoto mwenyewe tulikuwa naye siku zote, tukimwita mtukutu, kichwa maji, ana mdudu. Darasani kwetu mwaka 1994 alikuwepo mmoja, dawati la nyuma, akichapwa kila asubuhi mpaka siku alipoacha kuja. Hatukuuliza alikwenda wapi. Nimelifikiria dawati hilo usiku mwingi kuliko ninavyopenda kusema.

Na hao Wazungu wenyewe hawakuanza jana. Mwaka 1902 kule London daktari George Still aliwaeleza wenzake habari za watoto aliowaona, wenye akili zao timamu ila kujizuia kumewashinda. Moja ya mambo aliyoyaona ni kwamba wanaadhibiwa, na baada ya saa chache wanarudia kosa lilelile. Zaidi ya miaka mia na ishirini! Mkanda wangu ulikuwa unatafuta jibu ambalo lilishapatikana babu yangu hajazaliwa.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walilinganisha picha za ubongo wa watoto wa namna hii na za wenzao, wakakuta tabaka la juu la ubongo linakomaa kwa njia ileile ila limechelewa, kwa wastani kama miaka mitatu, na sehemu ya mbele inayohusika na kujizuia ikiwa nyuma zaidi. Basi mimi nimejifanyia hesabu yangu ya mtaani: nikitaka kumwambia "una miaka tisa, huoni haya," natoa tatu kwanza. Wa miaka sita ukimtuma dukani chumvi akarudi na kiberiti na kisa kirefu cha paka, unamwelewa. Hesabu hiyo imeokoa jioni nyingi nyumbani kwetu.

Shule ni mada ya siku nyingine, nikianza sitamaliza. Niseme moja tu. Kanuni za viboko za nchi hii, zile za 2002, zinasema visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Mimi nilihesabu alama saba kwenye mapaja ya mwanangu. Nilipoomba kukiona hicho kitabu nikatazamwa kama nimeomba funguo za Ikulu. Wenzetu Kenya walipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001 na sijasikia jua limegoma kuchomoza Nairobi.

Haya, najua wachangiaji mnanoa kalamu. "Kwa hiyo mtoto aachwe tu?" Hapana. Na hapa nakubali kwa shingo upande: shangazi ana haki ya kukasirika, dua ilikatika, na Upepo alipaswa kuwajibika. Aliwajibika. Alikwenda kwa shehe mwenyewe, akaomba radhi, akakunja majamvi na vijana mpaka la mwisho. Hakuna aliyeliona hilo kwa sababu halikuwa na kilio ndani yake. Adhabu isiyo na kilio kwetu haihesabiki.

Tunachofanya nyumbani hakina maajabu wala hakipendezi kusimulia. Agizo moja kwa wakati mmoja, namgusa bega kwanza. Akifanya, namsifia palepale, siyo jioni. Akiharibu, anatengeneza. Viatu vinakaa mlangoni, vyote viwili, na bado kila asubuhi kimoja kinakuwa safarini. Madaftari mwaka huu amepoteza tisa. Siku nyingine inakwenda vizuri, siku nyingine mimi na mama yake hatusemezani kwa uchovu tu.

Anayeniuma zaidi, kusema kweli, ni dada yake. Ana miaka kumi na mitatu, mtulivu, hajawahi kuitiwa mzazi. Mwezi uliopita aliniomba mkutano wa kundi lao la masomo ufanyike kwa rafiki yake, siyo kwetu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Kwao pana nafasi." Kwao ni chumba kimoja na sebule. Nikaitikia, nikampa nauli, nikaenda kukaa uani peke yangu. Watu wote kumi na mmoja walimwona Upepo. Huyu hakuna aliyeahidi kumchukua hata kwenda kula aiskrimu.

Nisisahau: wiki moja ilishawahi kujaribiwa. Baba yangu mdogo, mwanajeshi mstaafu, alimchukua Handeni likizo ya Juni akiwa na miaka saba. "Jeshini tumenyoosha wanaume," akanihakikishia. Siku ya nne, saa kumi na moja alfajiri, simu. "Njoo umchukue mwanao." Nikauliza kuna nini. Mbuzi kumi na wanne walikuwa nje usiku kucha, kijana alitaka kuona kama watarudi wenyewe. Nilipofika, mzee alikuwa amekaa kibarazani na kile kifaa cha kupimia presha mkononi, hataki mazungumzo. Walirudi kumi na watatu.

Mtu pekee aliyewahi kutupa saa tunayoitaka hakuiahidi kabisa. Ni fundi baiskeli wa kona ya kwetu, mzee wa maneno machache, ambaye siku moja alimpa Upepo gurudumu lililopinda na spana ya spoki, akaendelea na kazi yake. Nilimkuta mwanangu kakaa kwenye kopo la rangi. Amekaa! Dakika arobaini, nilitazama saa. Sasa anakwenda kila Jumamosi, saa nane mpaka saa kumi, na mimi na mama yake tunalala usingizi wa mchana kama watu waliopewa likizo.

Kwa hiyo shangazi, na wengine mlio kwenye foleni: likizo ya Desemba inakaribia na nafasi zipo. Mtoto atakuja na nguo za kubadilisha, spana yake, na karatasi moja ya maelezo ya mambo ya kufanya. Fimbo hairuhusiwi. Mbuzi wafungwe kwa kufuli. Nauli ya kwenda naitoa mimi, ya kurudi pia, hata ikiwa ni siku ya nne. Nimeyatuma haya kwenye grupu la ukoo tangu juzi usiku. Tiki za bluu zimejaa.